Ujumbe wa Tatu Ulifika Kwanza

Lori halikupita.

Nyakerario alikuwa amelala kifudifudi ndani ya shamba la miwa, hatua hamsini kutoka barabara ya Ndhiwa. Bastola ya Glock 19 ilikuwa chini ya kiganja chake. Jasho lilimwingia machoni, hakulifuta. Saa saba na nusu mchana, Alhamisi.

Zilipita bodaboda. Likapita trekta lililobeba miwa. Ikapita Probox yenye magodoro juu ya paa.

Lori la Isuzu la kijivu, hakuna.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni.

"Mwiba, Mwiba. Unaona kitu?"

Alikuwa Sajini Bonface, aliyejificha ng'ambo ya barabara pamoja na maafisa wawili.

"Sioni kitu."

"Madam, hawa watu wametupita tena."

Nyakerario aliirudisha redio kiunoni. Alitoa simu, akasoma kwa mara ya kumi jumbe tatu ambazo mtu wake wa ndani alikuwa ametuma asubuhi hiyo.

Wanapitia Rongo.

Hapana, wamebadili njia.

Wanapitia Ndhiwa.

Kulikuwa na utata gani hapo? Ndhiwa ni Ndhiwa.

Akangoja dakika kumi zaidi. Kisha akainuka, akaikokota pikipiki yake ya Boxer kutoka kwenye miwa, akaipiga teke, ikanguruma.

Kufika Rongo, vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Alilikuta lori nyuma ya soko. Milango wazi. Injini baridi. Ndani hamkuwa na kitu ila majani makavu na kipande cha katoni kilichoandikwa neno moja kwa herufi nyekundu: HATARI.

"Hiyo gari iko hapa tangu saa tano," mama mmoja muuza ndizi alimwambia. "Walishusha masanduku, wakapakia kwa pickup, wakaenda. Kwani walikuibia?"

"Ndiyo, mama," alisema. "Wameniibia."

Simu ikalia kabla hajapanda pikipiki. Alikuwa Mzee Oyaro, mkuu wa operesheni, akiwa Nairobi. Mzee Oyaro alikuwa mtu wa maneno machache. Akikasirika yalipungua zaidi.

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya tatu, Mzee."

"Ngege anatuuza."

"Hapana."

"Nyakerario."

"Mzee, namjua Ngege. Hawezi."

"Mzigo wa mwisho unatoka Jumamosi. Ukitupita na huo, nakata uzi. Sawa?"



"Sawa, Mzee."

Katika idara yao ya ujasusi, kukata uzi kulikuwa na maana moja. Mtu anaachwa pale alipo. Akigunduliwa, hana serikali, hana rafiki, hana hata wa kuulizia maiti yake.

Ngege lilikuwa jina la siri. Jina lake halisi lilikuwa Fanuel Ochieng, mtunza ghala mjini Migori, katika ua wa mgeni aliyejiita Jeff. Jeff aliuza mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Hiyo ndiyo biashara aliyowaonyesha watu. Nyingine ilikuwa detoneta, vile viwashio vya baruti vinavyotumika migodini. Aliziiba kidogo kidogo, akazikusanya, akazipeleka kwa watu wenye silaha katika nchi ya mbali. Watu hao walikuwa wameshaangusha daraja moja. Lilianguka likiwa na basi juu yake.

Kwa miezi kumi na minne Nyakerario alikuwa amepokea habari kutoka kwa Fanuel. Hawakuwahi kuonana. Yeye alikuwa na picha ya kitambulisho tu. Fanuel hakuwa na chochote. Hakujua kama anayemsoma ni mwanamume au mwanamke. Alikuwa na kifaa kidogo kama kibiriti, kimeshonewa ndani ya koti lake, chenye vitufe ambavyo vidole vyake vilivijua bila kutazama. Ndani ya ghala la mabati mawimbi hayakushika. Kwa hiyo kifaa kilihifadhi alichoandika, na alipotoka nje ya mlango, jumbe zote ziliruka kwa mkupuo.

Zilienda wapi? Kwenye kituo cha kupokezea mawimbi juu ya kilima cha Asego, Homa Bay. Kutoka hapo, kwenye simu ya Nyakerario.

Jioni hiyo alirudi chumbani kwake Makongeni, mjini Homa Bay. Kitanda kimoja. Kiti kimoja. Sahani moja, kikombe kimoja. Majirani walimjua kama fundi wa Wi-Fi ambaye mume wake yuko Qatar. Hakukuwa na mume. Lakini mwanamke wa miaka thelathini na tisa akisema yuko peke yake, watu huuliza maswali, na akisema Qatar, hunyamaza.

Alikaa juu ya kitanda bila kuvua viatu.

Saa kumi na mbili na robo, simu ikatetemeka mara nne.

Nimefungua ghala.

Niko hai.

Nimeamka.

Nimekunywa chai.

Hiyo ilikuwa desturi ya Fanuel. Sheria ilimtaka atume ujumbe mmoja tu kila jioni: Niko hai. Hayo mengine aliyaongeza mwenyewe, miezi mingi iliyopita, labda kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza kwamba amekunywa chai. Nyakerario hakuruhusiwa kujibu. Hakuwahi kujibu. Lakini hakuwahi kulala kabla ya kuzisoma.

Siku za karibuni Fanuel alikuwa akizituma ovyo ovyo hivi, na yeye alidhani ni mzaha. Siku moja zilikuja, Niko hai, Nimekunywa chai, Nimeamka, na akacheka peke yake gizani, umeme ulipokuwa umepotea.

Sasa hakucheka.

Aliitazama simu. Akaanza kurudi nyuma, siku baada ya siku, kidole kikitelezesha kioo. Jumatano, zimevurugika. Jumanne, zimevurugika. Wiki iliyopita, zimevurugika. Akarudi mwezi mzima.

Tarehe mbili: Nimeamka. Nimekunywa chai. Nimefungua ghala. Niko hai.

Tarehe tatu: zimevurugika.

Akasimama.

Akazisoma upya zile jumbe za asubuhi, safari hii akianza na ya mwisho. Wanapitia Ndhiwa. Hapana, wamebadili njia. Wanapitia Rongo.

Ngege alikuwa amesema kweli. Mara zote tatu alikuwa amesema kweli. Ujumbe wa tatu ulikuwa umefika kwanza.

Na tarehe tatu ndiyo siku ambayo mtambo mpya ulifungwa Asego.

*

"Misawa, nyar Kisii!" Gordon alimsalimu kwa Kijaluo, akimwita binti wa Kisii, mlangoni Ijumaa saa nane mchana, kikombe cha chai mkononi. "Wamekutuma tena kwangu?"

Gordon alikuwa msimamizi wa kituo. Mtu mnene, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alijua Nyakerario ni wa idara, lakini kwa kiwango cha fundi tu.

"Misawa, jaduong', mzee wangu. Wanasema antena ya upande wa Mbita inasumbua."

"Hiyo ni upepo tu. Lakini ingia, angalia. Wewe ukija angalau nasikia sauti ya mtu. Huku juu naongea na kunguru."

Chumba kilikuwa baridi, feni zikivuma. Alifungua kompyuta yake ya ThinkPad, akachomeka waya. Gordon alivuta kiti, akakaa nyuma yake. Akaanza kueleza habari za mtoto wake aliyekosa nafasi chuoni. Nyakerario aliitikia bila kusikia, macho kwenye antena ya Mbita ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Simu ya Gordon ikalia. Akaitazama, uso ukabadilika.

"Wacha nichukue hii nje."

Mlango ukajifunga.

Nyakerario akaacha antena. Vidole vyake vikakimbia.

Mtambo wa zamani ulikuwa na uzi mmoja wa kazi. Ni kama karani mmoja kwenye dirisha moja: anapokea pakiti ya ujumbe, anaipitisha, anapokea nyingine. Ni polepole, lakini ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Mtambo mpya ulikuwa na nyuzi nane. Makarani wanane, wanachota kutoka foleni moja. Pakiti ya kwanza ikiangukia kwa karani aliyelemewa na ya tatu kwa karani asiye na kazi, ya tatu itatoka mbele. Kila fundi anajua hatari hiyo. Ndiyo maana huwekwa kanuni mbili. Pakiti za mtu mmoja ziende kwa karani yule yule siku zote. Na mlangoni, kila pakiti itazamwe namba yake. Kama iliyo kabla yake haijatoka, ingoje.

Alizitafuta kanuni hizo. Zilikuwepo.

Akashusha pumzi. Labda alikuwa amekosea. Labda Mzee alikuwa sahihi, na yeye ni mwanamke mpweke aliyezipenda jumbe nne za jioni kuliko kazi yake.

Kisha akaona mstari mmoja chini kabisa, nje ya orodha.

Kifaa 0417. Usifuate kanuni.

Vifaa mia nne na zaidi vya idara vilipita katika mtambo huo. Vyote vilipangwa sawasawa. Isipokuwa kimoja.

0417 kilikuwa cha Fanuel.

Kosa la mashine halichagui mtu. Mtu ndiye huchagua mtu.

Nje, sauti ya Gordon ilikuwa imeshuka, lakini ilipenya mlango. "Kesho, ndiyo... Hapana, bado sijajua ni nani. Lakini anatuma jumbe kutoka ndani ya ua wako... Wewe angalia wale watu wako wa ghala."



Akaufuta ule mstari. Akaandika mwingine, akauficha mahali ambapo Gordon asingetazama: 0417, karani namba mbili, siku zote, fuata namba. Mlango ulipofunguka, kioo kilionyesha antena ya Mbita.

"Umepata shida?" Gordon aliuliza.

"Hakuna. Ni upepo tu, kama ulivyosema."

"Si nilikuambia?" Akatabasamu. "Kunywa chai kwanza, nyar Kisii."

"Siku nyingine."

Alishuka kilima. Chini kabisa, karibu na soko, akampigia Mzee Oyaro.

"Ni Gordon. Anavuruga foleni. Na ameshamwambia Jeff kwamba mtu yuko ghalani."

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho."

"Basi kesho alfajiri nitaweka watu wawili wakae naye, na simu yake. Na wewe ukikosea, Nyakerario?"

"Kata uzi wangu pia."

*

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa Mirogi, kando ya barabara ya Ndhiwa, nyuma ya kinu cha posho kilichofungwa. Mwenye kinu alikuwa Msabato, amekwenda kanisani. Nyakerario naye alikuwa amelelewa hivyo, na ilikuwa Sabato ya sitini hivi bila kuketi kwenye benchi la kanisa lolote.

ThinkPad ilikuwa mapajani mwake. Bonface alikuwa amelala kando na bunduki ya G3, mdomo wa bunduki ukitazama kona ya barabara.

"Mpango ni mwepesi," alikuwa amesema. "Likitokea pale, napiga matairi. Linalala. Tunalichukua."

Jumbe mbili za kwanza zilikuwa zimekuja saa tatu.

Namba 1. Lori limetoka Migori.

Namba 2. Wanapitia Ndhiwa.

Sasa kioo kilikuwa kimya. Kisha kwenye kona ya kioo zikatokea tarakimu ndogo za njano.

Imefika 4. Inangoja 3.

Baada ya sekunde chache:

Imefika 5. Inangoja 3.

Bonface aliinamia kioo. "Hizo ni nini?"

"Jumbe. Ya nne na ya tano zimefika. Ya tatu imepotea njiani. Kifaa kitaituma tena."

"Sasa si ufungue hizo mbili tusome?"

"Nikifungua, nitasoma nusu ya maneno."

"Nusu ni afadhali kuliko hakuna, madam!"

Alikuwa na kitufe cha kufanya hivyo. Kidole chake kilikuwa juu yake. Aliwaza shamba la miwa na lori tupu la Rongo. Aliwaza jinsi neno la kweli linavyoweza kuwa uongo likitangulia mwenzake.

Akaondoa kidole.

"Tunangoja."

"Linakuja," mmoja wa maafisa alinong'ona.

Isuzu ya kijivu ilijitokeza kwenye kona, imeinama upande mmoja kwa uzito. Mita mia tatu. Mita mia mbili. Bonface alibana shavu kwenye kitako cha bunduki.

Imefika 6. Inangoja 3.

"Madam."

"Ngoja."

Mita mia moja. Aliweza kumwona dereva, kofia nyekundu, kiwiko dirishani.

"Madam, napiga!"

"Usipige! Hiyo ni amri!"

Lori likapita. Vumbi lake likawafunika wote wanne.

Bonface aliisukuma bunduki pembeni, akapiga ngumi ardhini. "Miezi kumi na minne! Miezi kumi na minne, na unaliacha lipite mbele ya pua yetu kwa sababu ya kompyuta? Nitaandika ripoti, madam. Wallahi nitaandika."

"Andika."

Kioo kikawaka.

Namba 3. Wamenifunga mikono, niko nyuma juu ya detoneta. Msipige risasi.

Namba 4. Dereva ana AK.

Namba 5. Lambwe. Kuna ndege.

Namba 6. Wanajua ni mimi.

Bonface alisoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Kisha akaitazama G3 yake, akatazama mahali ambapo lori lilipita, hatua thelathini kutoka walipolala. Rangi ilimtoka usoni.

"Ningetulipua sote," alisema taratibu. "Na yeye."

Nyakerario alikuwa ameshafunga kompyuta.

"Nipeni dakika tano mbele. Njooni na gari, mliache mbali, mmalizie kwa miguu kupitia nyasi. Mtu asifyatue kitu."

*

Bonde la Lambwe lilikuwa wazi na la kijani. Uwanja wa ndege haukuwa uwanja. Ulikuwa ukanda wa nyasi uliofyekwa jana. Ndege ndogo nyeupe, Cessna, ilikuwa imesimama mwisho wake. Lori lilikuwa kando yake. Jeff, mrefu, kofia pana, alikuwa akipiga na kupiga tena simu yake ya setilaiti aina ya Thuraya, na hakuna aliyekuwa akipokea. Gordon hakuweza kupokea.

Boxer ilikuja ikiruka-ruka juu ya nyasi. Nyuma yake ilikuwa na ngazi ya mabati na bunda la waya. Juu yake, mwanamke mwenye fulana ya fundi.

Dereva wa kofia nyekundu aliinua bunduki yake ya AK.

"Wewe! Simama hapo! Unaenda wapi?"

"Woi, baba, usinipige!" Nyakerario aliinua mikono. "Natafuta shule. Walisema nikunje kwa ule mti. Nimetumwa niweke Wi-Fi."

"Wi-Fi huku?"

"Si hata mimi nashangaa!"

Dereva akacheka. Mdomo wa bunduki ukashuka, na mikono ya Nyakerario nayo. Jeff alikuja kwa hasira, simu bado sikioni, akamsogelea amfukuze.

Hatua nne. Tatu. Mbili.

Glock ilitoka ndani ya bunda la waya ikatua chini ya taya ya Jeff.

"Mwambie aweke chini."

Jeff aliganda. Akamtazama kwa pembe ya jicho. "Wewe ni nani?"

"Fundi. Mwambie."

Akamwambia. AK ikaanguka kwenye nyasi. Bonface na wenzake walisimama kutoka kwenye majani kama watu waliochipuka. Rubani alishuka kwenye Cessna mwenyewe, mikono kichwani, akiomba maji.

Hakuna risasi hata moja iliyofyatuliwa.

Bonface alifungua milango ya nyuma ya lori.

Fanuel Ochieng alikuwa ameketi juu ya masanduku, mikono imefungwa kwa kamba mbele yake, koti limeloa jasho, vidole viwili bado vimejipenyeza ndani ya bitana. Alikuwa mwembamba kuliko picha. Mvi zilikuwa zimeanza juu ya masikio. Nyakerario angemtambua katikati ya soko lolote.

Lakini Jeff alikuwa akitazama, na dereva alikuwa akitazama. Watasimama mahakamani, watasema walichokiona. Kama Fanuel angetoka hapo akiwa rafiki wa serikali, mama yake na dada zake huko Migori wasingemaliza wiki. Ilibidi atoke kama mhalifu.

Nyakerario alikata kamba kwa kisu. Akamfunga pingu yeye mwenyewe.

"Jina?"

"Fanuel Ochieng."

"Kazi?"

"Mtunza ghala, madam."

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko alivyoiwazia.

Fanuel aliinua macho. Alianza kutafuta kwenye nyuso, polepole, moja baada ya nyingine, na Nyakerario alijua anamtafuta nani: yule aliyekuwa akimsoma. Macho yalipita kwake, yakaenda kwa maafisa wawili, yakaenda kwa Bonface. Hapo yakatua. Bonface alikuwa mkubwa, mwenye mabega mapana, na alikuwa akimtazama Fanuel kwa huruma ya mtu aliyenusurika kumuua.

Fanuel akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru.

Bonface, bila kuelewa, naye akainamisha chake.

Nyakerario aligeuka, akaanza kuifunga ngazi vizuri kwenye pikipiki.

Land Cruiser ya idara ilikuja kuwachukua. Alipokea simu akiwa ameipa mgongo.

"Ngege?" Mzee Oyaro aliuliza.

"Yuko hai."

"Vizuri. Gordon ameanza kuongea. Anasema mtambo ulikosea."

"Mtambo umehifadhi kila alichoandika."

"Vizuri. Ochieng atapewa jina jipya na mahali papya, na familia yake. Hata wewe hutaambiwa ni wapi."

"Najua, Mzee."

"Ulifanya kazi nzuri ya kungoja."

"Ndiyo, Mzee."

"Jumatatu uko Busia. Hakuna atakayekupokea. Tafuta chumba."

"Sawa."

Nyuma yake mlango wa gari ulifungwa, na injini ikawaka. Hakugeuka. Alivaa helmeti, akakaza mkanda chini ya kidevu, akapanda pikipiki, akapita kando ya Cessna na masanduku na wale watu waliolazwa kifudifudi, mwendo wa kawaida kabisa, kama fundi aliyemaliza kazi ya mtu.

Kisha akashika barabara ya Homa Bay, kurudisha ufunguo wa chumba.